Viti Viwili vya Alhamisi

Jumamosi, 2 Juni 2001

Nimenakili orodha mara ya tatu. Wino ulivuja kwenye namba mbili. Sasa ni safi.

Ndege ya misheni ina viti vitano vya abiria, kwa hiyo orodha ina majina matano. Jina, umri, kilo, sababu ya safari. Mwenye orodha ni Mzee Wilondja, karani wa kanisa. Lakini miwani yake ilivunjika mwezi wa tatu, hapa mjini Baraka hakuna wa kuitengeneza, na barabara ya Uvira imefungwa na vita. Basi yeye anasema, mimi ninaandika. Alinichagua kwa mwandiko. Kusema sijui. Darasa la tano zima linajua kwamba mimi mbele za watu ni bubu.

Leo saa nne tulikuwa kwenye foni, ile redio ya misheni. Mtu anasema, akimaliza anatamka "nasikiliza", ndipo wa upande wa pili anajibu. Mama alisikika vizuri. Yuko hospitali Bukavu tangu mwezi wa nne. Mimba imekaa vibaya, damu inatoka kila mara. Daktari amepanga operesheni Ijumaa tarehe 15. Hawezi kuanza kama hakuna ndugu wa kutoa damu na ndugu wa kumuuguza. Damu ya Papa, baba yangu, inalingana na ya Mama, walipimwa alipozaliwa mdogo wangu Bahati. Wa kumuuguza ni Nyanya, mama mzazi wa Mama.

Watu wawili wamejiondoa kwenye ndege ya Alhamisi hii. Waliofuata kwa zamu ni sisi. Namba tatu: Papa. Namba nne: Nyanya. Ndege moja, wiki nzima kabla ya siku ya daktari. Nimefanya kazi nzuri. Najisifu hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumapili, 3 Juni

Nimebeba maneno tangu asubuhi. Ndiyo kazi yangu tangu nilipojua kusema. Nyanya anakaa nyumba ya nyuma, hatua ishirini kutoka kwetu. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawakai kwenye mkeka mmoja, hawapeani kitu mkononi. Hakuna ugomvi. Ni heshima, na kwetu hakuna heshima iliyo juu ya hiyo. Papa akisikia kikohozi cha Nyanya njiani anaingia kwenye mihogo. Papa ni mwalimu wa hesabu, mtu wa diploma. Anaingia kwenye mihogo.

Leo Nyanya alisema kwa sauti toka jikoni kwake, "Atosha, ambia papa yako hizi ndizi ni za kwake, asiache zioze." Papa alikuwa nyuma ya ukuta, hatua tatu. Akasema, "Ambia nyanya yako aksanti sana." Nikazunguka ukuta nikasema waliyokwisha kuyasikia wote wawili.

Bahati ana miaka minane. Aliuliza kwa nini wasipige kelele moja kwa moja. Nyanya alimjibu kwamba mutoto wa maswali kama hayo ataoa bibi asiye na mama. Bahati alifikiri. Baadaye aliniambia haoni ubaya wake.

Jumanne, 5 Juni

Tumepima kilo kwenye mizani ya mpunga, ghala la kanisa. Nyanya asubuhi, Papa jioni, wasikutane. Nyanya: 84. Alisema mizani inasema uongo kwa sababu imezoea magunia. Papa: 57. Amekonda tangu Mama aondoke.

Shuleni tunakaa nusu ya darasa. Nusu nyingine wanalala watu waliokimbia Lubondja. Mwalimu wa jiografia anafundisha kwa sauti ya chini ili watoto wao wasiamke.

Milio ya bunduki upande wa Fizi, mbali. Naamini ndege itakuja. Rubani huyu anakuja.

Alhamisi, 7 Juni

Ndege imekuja. Imeondoka bila Papa. Imeondoka bila Nyanya.

Kalamu imetoboa karatasi. Ni hasira. Nijikaze niandike kwa mpangilio.

Ndege ilitua saa nne. Askari walioshika mji walikuwa wametoa ruhusa ya nusu saa tu. Kwanza walipakia mizigo kwenye mkia: valizi ya Papa yenye nguo zake, nguo za mtoto na barua za hospitali, kisha kapu la Nyanya. Halafu rubani akachukua orodha yangu. Ni mzungu mrefu, Kiswahili chake ni cha Kigoma, kimenyooka. Haangalii jina, anaangalia kilo. Mzito hakai nyuma, mkia unalemewa. Mbele, pembeni yake, alimweka padri mwenye mguu uliofungwa plasta, apate kuunyoosha. Nyuma kabisa alimweka mama wa Lubondja na mtoto wake mgonjwa mapajani, pamoja na muuguzi. Vilibaki viti viwili vya katikati.

Nyanya akapanda. Akafungwa mkanda. Papa akaweka mguu kwenye kikanyagio, akainua macho, akaona.

Viti vile vinagusana. Bega kwa bega, goti kwa goti, saa nzima angani.

Mimi sikuwahi kuona ndani ya ndege. Niliiwaza kama lori: wanawake mbele, wanaume nyuma wamesimama, kila mtu na upepo wake. Papa aliwahi kupanda ndege moja tu, kubwa, zamani, yenye safu nyingi na pazia. Alidhani zote zina pazia. Watu wazima wawili na mimi msomi, hakuna aliyeuliza.

Papa akashusha mguu. Akavua kofia akajifunika uso. Akarudi nyuma, nyuma, mpaka kwenye nyasi. Rubani akamwambia asiogope, ndege ni salama, yeye mwenyewe ana watoto wanne na anataka kuwaona. Watu wakacheka. Angejibu nini? Sababu yenyewe ilikuwa imekaa pale inasikiliza.

Nyanya akaelewa. Akamwambia muuguzi amfungue mkanda. Akateremka, na kuteremka kwake si kazi ndogo. Akaniambia, "Atosha, ambia papa yako apande. Mi nabaki."

Papa akamwona anashuka. Mwanaume amemfukuza mama mkwe wake kwenye ndege! Akaenda mbali zaidi, mpaka kwenye mihogo. Nikamfuata mbio. "Ambia nyanya yako arudi kukaa. Mi siwezi kuchukua nafasi yake." Nikarudi mbio. Nyanya alikuwa amekaa chini, ameipa ndege mgongo. "Mwambie mutu wa kutoa damu ni yeye. Mi damu yangu ni ya kizee." Nikaenda. Nikarudi. Mara tatu. Kila mmoja anampisha mwenzake, na viti vitupu.

Rubani akatazama mawingu kwenye milima, akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi, kwa sababu ndimi mwandishi wa orodha. Akaniuliza, "Binti, kuna nini?"

Sentensi moja ilitosha. Mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, tunaomba uwatenganishe. Nilikuwa nayo kichwani, kamili, na nukta yake. Kinywa hakikufunguka. Niliangalia viatu vyangu.

Alisubiri kidogo. Kisha akawaita wanaongojea bahati kando ya kiwanja. Kiti kimoja kikachukuliwa na Mama Furaha, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, aliyepanda kabla hajamaliza kuitwa. Kingine mke wa askari. Mlango ukafungwa. Valizi na kapu vilikuwa chini ya mizigo mingine, hakuna aliyevikumbuka ila mimi, na mimi nilikuwa bubu.

Papa alirudi nyumbani kwa njia ya mtoni. Nyanya kwa njia ya sokoni. Mimi nilipita katikati ya mashamba, peke yangu.

Ijumaa, 8 Juni

Mji mzima unasema Papa aliogopa ndege. Mvulana mmoja darasani aliigiza: kofia usoni, anarudi kinyumenyume, anajikwaa kwenye dawati. Alikuwa anaigiza vizuri, hilo lazima niseme. Papa aliingia kufundisha saa ya tatu, akaandika hesabu ubaoni kama kawaida. Hakujitetea hata kwa neno. Angejitetea angemtaja Nyanya, na mtu hamtaji mama mkwe wake mbele ya watoto.

Namheshimu sana. Pia nataka kumpiga na daftari.

Mzee Wilondja hakunigombeza. Alinikumbusha tu sheria ya orodha, niliyoiandika mwenyewe kwa mkono wangu na kuibandika mlangoni: aliyekosa ndege kwa hiari yake anarudi chini ya orodha. Chini ya orodha sasa ni mwezi wa saba.

Operesheni ni tarehe 15. Ndege inayofuata ni tarehe 14. Orodha yake imejaa.

Jumamosi, 9 Juni

Foni. Watu wengi kwenye benchi. Sauti ya Mama ilikuwa ndogo. "Valizi imefika. Kapu imefika. Mutu iko wapi? Nasikiliza."

Wote kwenye benchi walisikia. Papa akashika kipaza sauti, akasema watakuja Alhamisi. Wote wawili. Sijui alitoa wapi ahadi hiyo. Nadhani alinitazama mimi.

Mama alisema damu ilitoka tena Jumatano. Daktari hataki kupita Ijumaa.

*Jioni.* Niliandika orodha ya tarehe 14 upya. Niliweka Papa namba moja na Nyanya namba mbili. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Mzee Wilondja haoni, angetia muhuri. Nilikaa nayo mpaka bugali ukaiva.

Nimeichana. Kuna mtoto wa kuvunjika mkono kwenye orodha hiyo, yeye na mama yake. Ningemtoa nani? Siwezi kumwibia mtu asiyejua kwamba mimi ndiye kalamu.

Lakini kuomba naweza. Kuomba si kuiba. Ni kusema tu. Ndiyo shida yenyewe.

Jumapili, 10 Juni

Nimesema kanisani.

Wakati wa matangazo nilimwomba Mzee Wilondja nisome orodha mwenyewe. Nilisoma majina matano ya tarehe 14: mama na mtoto wa kuvunjika mkono, mchungaji wetu anayekwenda kwenye mkutano wa wachungaji, mwalimu mmoja mwenye kifua kibaya, na Mariamu wa mtaa wa ufukweni anayekwenda kuolewa. Kisha nikakunja karatasi nikasema kwamba Alhamisi iliyopita kosa lilikuwa langu. Niliwapanga Papa na Nyanya ndege moja bila kuuliza viti vimekaaje. Papa hakuogopa. Sikusema zaidi ya hapo. Haikuwa lazima. Kanisa lote lina wakwe.

Bamama wa upande wa kushoto wakaanza kucheka chini chini, halafu wanaume. Kicheko cha kuelewa. Mzee mmoja alisema kwa sauti, "Goti kwa goti? Hata mi ningeruka dirishani." Nyanya alikaa wima kama hajatajwa. Papa alikuwa nje, mlango wa pili, mahali pake pa kila Jumapili.

Nikasema Mama ana siku tano. Naomba viti viwili.

Watu wote wakageuka kumtazama mchungaji. Pole pole, safu kwa safu. Alivumilia kidogo. Kisha akasema, "Naona Bwana amenitazama kwa macho yenu. Mukutano utanisubiri."

Kiti kimoja.

Nilipokaa, jasho lilikuwa limepenya mpaka kwenye kitabu cha nyimbo. Lakini sauti ilitoka. Naandika hivyo nisije nikasahau.

Jumatatu, 11 Juni

Kiti kimoja ni shida mpya. Papa anasema, ambia nyanya yako aende. Nyanya anasema, ambia papa yako aende. Nimechoka. Leo nilikataa kupeleka. Nilikaa kwenye ukuta katikati nikasoma kamusi.

Mwalimu wa kifua siwezi kumwomba. Anakohoa mpaka anainama.

Baada ya masomo nilikwenda ufukweni kwa kina Mariamu. Nilisimama mlangoni mpaka mama yake akaniuliza kama nauza kitu. Mariamu alinisikiliza vizuri. Kisha akakataa vizuri. Mchumba wake yuko Bukavu, wamengojeana tangu mwaka jana, mara mbili barabara ilifungwa, mara moja boti ilirudishwa na milio ya risasi. Akiona kiti, anapanda. Alisema pole. Ni haki yake. Nilimwambia ni haki yake.

Nililia njiani. Kidogo.

Jumanne, 12 Juni

Mariamu alikuja shuleni. Alisimama dirishani katikati ya somo akaniita kwa kidole. Mwalimu akaniruhusu kwa mshangao: hakuna aliyewahi kuniita dirishani.

Alisema hakulala vizuri. Baba yake amemwambia: bibi anayeanza ndoa kwa kupita juu ya ugonjwa wa mama ya mutu, ndoa hiyo itamkumbusha. Atanipa kiti. Yeye atakwenda tarehe 21; Mzee Wilondja amesema anayempisha mgonjwa harudi chini ya orodha. Lakini ana sharti.

"We uko najua kuandika. Utaniandikia barua ya mchumba wangu. Asikasirike, asione kama nimebadilika. Na iwe tamu."

Mimi. Barua ya mapenzi. Sijawahi kumwandikia mvulana hata neno moja. Nilisema ndiyo.

*Jioni.* Nimeandika kurasa mbili. Nilimuuliza Mariamu anachokumbuka zaidi juu yake. Akasema anavyokula samaki wa mukeke: anaanza na kichwa, anamwachia mwenzake sehemu nzuri. Nikaanzia hapo. Alipoisoma aliniuliza nani amenifundisha. Hakuna. Nimesoma vitabu, nimesikiliza watu wakijibizana ukutani. Kumbe inatosha.

Viti viwili.

Jumatano, 13 Juni

Sasa hesabu. Nimechora ndege. Nilikwenda kwa muuguzi mwingine, aliyerudi nayo wiki mbili zilizopita, anielekeze. Mbele viti viwili, kimoja cha rubani. Katikati viwili. Nyuma viwili. Na hiki ndicho nilichokuwa sikijui: ina milango miwili. Mmoja wa mbele upande wa kushoto, anapoingilia rubani na abiria wa pembeni yake. Mwingine mkubwa, nyuma, upande wa kulia.

Milango miwili, kama nyumba yenye adabu. Na sisi tulihangaika kwenye mmoja.

Mzito akae mbele: Nyanya 84, pembeni ya rubani, mlango wa kushoto. Mwepesi nyuma kabisa: Papa 57, mlango wa kulia. Katikati yao, safu nzima: mtoto wa kuvunjika mkono na mama yake. Mwalimu wa kifua nyuma pamoja na Papa. Kilo zinakubali. Nimejumlisha mara nne. Nilimwonyesha Papa bila kumwambia ni ya nini, akasahihisha desimali moja. Kisha akasema, "Ni hesabu nzuri."

Nimefanya mazoezi ya sentensi yangu mara ishirini, nikimwambia mbuzi wa jirani. Mbuzi hajakataa.

Kitu kimoja naogopa: bunduki. Zimesogea. Leo zilisikika toka darasani, tukahesabu kati ya mlio na mlio kama tunavyohesabu radi. Ndege ya kesho isipokuja, hesabu yangu yote ni mchoro tu.

Alhamisi, 14 Juni

Saa nne haikuja. Saa tano haikuja. Askari mmoja alituambia turudi nyumbani. Hakuna aliyerudi. Nyanya upande mmoja wa kiwanja, Papa upande mwingine, mimi katikati na karatasi.

Ilikuja saa sita kasoro. Rubani hakuzima injini. Alishuka akipiga kelele kwamba ana dakika kumi. Nikaenda kwake kabla hajachukua orodha.

"Huyu mwanaume na huyu mama, ni mtu na mama mkwe wake. Kwetu hawakai pamoja. Naomba mama akae mbele, baba nyuma. Kilo zao ni hizi."

Yote. Bila kuangalia viatu. Injini ilinguruma, ikabidi nipige kelele, na nikapiga.

Rubani akainama. "Hawapatani?"

"Wanaheshimiana."

Akatazama mchoro. Akautazama tena. Akanyoosha kidole kwenye jumla yangu akatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini akasema hapendi kuweka mzee mbele, akiogopa atashika usukani waanguke wote. Nikampelekea Nyanya neno hilo. Nyanya akanijibu kwamba ameendesha nyumba miaka hamsini na hajawahi kushika kitu kisicho chake. Kisha akaiweka mikono yake miwili chini ya mapaja, pale pale kwenye nyasi, aonyeshe itakavyokaa. Rubani akacheka. Akasema na yeye ana mama mkwe, na sheria hii angeitaka kwao.

Papa aliingia kwanza, mlango wa kulia, akitazama sakafu. Nyanya alizunguka nyuma ya mkia na kitenge kichwani, akaingia kushoto. Hawakuonana. Nilisimama mahali ambapo niliwaona wote wawili. Papa alikuwa na barua ya Mariamu mfukoni, alama ya bahasha ilionekana. Nyanya alitazama mbele kama dereva.

Kabla mlango haujafungwa Papa alinishika mkono. Hakusema kitu cha kumpelekea mtu.

Mlio mmoja wa bunduki, mbali, ndege ilipokuwa ikikimbia kwenye nyasi. Halafu waliinuka. Bahati alipunga mpaka ndege ikawa nukta, halafu akaendelea kupunga.

Mariamu alikuwa amesimama kando ya kiwanja na nguo zake nzuri. Alisema alitaka tu kuona kiti chake kinavyoruka.

Ijumaa, 15 Juni

Siku ya daktari. Hesabu saa ya kwanza, mwalimu wa kukaimu. Sikuelewa kitu. Nilimpikia Bahati sombe, majani ya mihogo. Chumvi nyingi. Amekula.

Jumamosi, 16 Juni

Foni inakoroma tu. Tulikaa kwenye benchi mpaka betri ikachoka. Mzee Wilondja anasema ni milima, au hali ya hewa, au mtu amekata waya. Hakuna kati ya hayo linalohusu Mama. Najiambia hivyo. Mimi ni mtu wa mantiki.

Jumapili, 17 Juni

Sikusema kitu kanisani. Wengine walisema kwa ajili yetu.

Jumatatu, 18 Juni

Naogopa. Nilisema naamini, na naamini, na naogopa. Vyote vinakaa pamoja.

Jumatano, 20 Juni

Foni imeamka.

Alianza Papa. Operesheni ilichukua asubuhi nzima ya Ijumaa. Mama alipoteza damu nyingi sana. Walichukua ya Papa, Jumamosi muuguzi mmoja wa pale akatoa yake. Papa alilala siku mbili. Sasa Mama anakaa, anakunywa uji, anagombana na Nyanya juu ya sukari. Mtoto ni msichana, mdogo lakini ana sauti. Hapo Papa akanyamaza bila kusema "nasikiliza", na sisi tukakaa tunasikia upepo wa Bukavu.

Kisha Mama mwenyewe. Sauti nyembamba, lakini ni yake. Hakuniuliza habari ya shule.

"Atosha. Papa yako alisema ulipiga kelele kushinda ndege. Jina la mutoto utatoa we. Nasikiliza."

Watu tisa walikuwa nyuma yangu wakingojea zamu. Kwenye foni mtu anajibu upesi, betri si ya mmoja. Zamani ningesema jina lolote, la kwanza, niondoke.

Nikasema, "Naomba mpaka Jumamosi. Nasikiliza."

Mama akasema Jumamosi ni sawa.

Sasa ni jioni, kuna mwanga bado. Bahati yuko mlangoni anachambua maharage, moja moja, kama anayajua kwa sura. Anataka mtoto aitwe Ndege. Nimemwambia hapana. Nimeandika majina manne na kuyafuta matatu. Lililobaki silisemi bado, hata hapa. Nyumba ya nyuma ni kimya. Ziwa ni kimya. Sina haraka.